Chai ya Alhamisi kwa Madam

Kila Alhamisi, saa kumi kasoro robo, madam alikuja jikoni kuninusa vidole. Nilinyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wake kama mtoto wa chuoni anayekaguliwa kucha, naye akainama kidogo, akavuta pumzi, kisha akasema sawa au akasema rudia. Akisema rudia, nilirudi kwenye sinki na ndimu na sabuni nikasugua mpaka ngozi ikawasha. Hakutaka harufu ya kitunguu iguse sandwichi zake za tango. Kitunguu chenyewe nilikuwa nimekikata saa tano asubuhi, kwa chakula chake cha mchana.

Nilikuwa mpishi wake kwa miaka miwili, katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi, katika nyumba ya ghorofa moja huko Mirdif, Dubai. Ndege zilipita juu yetu zikishuka uwanjani, na kila zilipopita vikombe vya kauri vililia kabatini. Madam alikuwa Mwingereza wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya upole ambayo haikupanda hata alipokasirika. Mumewe, ambaye sote tulimwita sir, alikuwa mhandisi wa ndege. Yeye ndiye aliyekuwa kafeel wangu, yaani mdhamini. Viza yangu ilisimama kwa jina lake. Mimi nilitoka Mombasa. Chumba cha nyuma ya jikoni nililala na mwenzangu, Mganda aliyesafisha nyumba na kufua nguo, Mkristo asiyekosa kanisa kila Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya mapumziko ya kule. Nilimpita kama miaka minane hivi, akaniita dada tangu siku ya kwanza.

Nilipoambiwa kwamba madam hualika wenzake kwa chai ya saa kumi, nilifurahi. Nikasema moyoni, hili nalijua. Nyumbani mamangu aliipika chai na maziwa na iliki, akaimimina kwenye chupa, na aliyepita mlangoni akavutiwa kigoda. Mahamri yaliwekwa katikati, mbaazi kando, na mtu alikula mpaka akasema alhamdulillahi. Hakuna aliyeinuka akaacha hamri lililoumwa kwenye sahani. Ukiliacha, mamangu alikuuliza kama unaumwa.

Ya madam ilikuwa kitu kingine. Kulikuwa na sinia ya ghorofa tatu: chini sandwichi, katikati skonzi, juu vikeki vidogo kama vifungo vya kanzu. Skonzi nayo nilidhani naijua, maana kwetu ni ule mkate mdogo laini unaouzwa kioskini. Ya kwao ni donge la unga na siagi linalopasuliwa katikati, likapakwa jamu na malai mazito kama samli iliyoganda. Madam alinifundisha wiki mbili. "Usiukande sana, mpenzi. Kikatio usikizungushe, kigandamize tu." Aliniita mpenzi, kama alivyomwita paka wake. Nikajifunza, na nisijisifu, skonzi zangu ziliumuka kuliko zake.

Mikate ya sandwichi ilikatwa kingo zote nne, ikabaki ule weupe wa ndani tu, kisha ikachanjwa vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili. Kulikuwa na tango, kulikuwa na mayai, kulikuwa na jibini, na kulikuwa na nyama ya nguruwe iliyopakwa haradali, ile rojo ya njano inayopanda puani. Hiyo ya nguruwe tulikubaliana na madam tangu mwanzo kwamba sitaishika. Aliinunua mwenyewe kwenye kile chumba cha pembeni cha supamaketi kinachouzia wasio Waislamu, na Mganda akaikatia kwenye ubao mwekundu, kwa kisu chake, akaipanga kwenye sahani yake. Madam aliliheshimu hilo bila kunung'unika. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo lililonifanya nimwamini.

Kingo za mikate zilijaa bakuli zima. "Hizo ni zenu," aliniambia Alhamisi ya kwanza, akizisogeza kwangu kwa ncha ya kidole. Nikazikaanga na mayai, mimi na Mganda tukala. Hilo halikunichukiza. Mkate ni mkate.

Kilichonichukiza ni wageni. Walikuja sita, saa nyingine wanane, wake wa wahandisi na wa marubani, wanatoka nyumba za jirani na wengine kule Jumeirah Village Circle. Waliisifu meza, wakaipiga picha, wakazungumza habari za mizigo ya kuhama na watumishi waliowatoroka, huku mimi nimesimama nyuma yao na birika. Hawakula. Walidokoa. Mmoja aliuma ncha ya sandwichi, akatafuna kidogo, akairudisha sahanini kama mtu aliyekosea mlango. Mwingine, mwanamke mnene mwenye pete kila kidole, alipasua skonzi, akalamba malai yote kwa ulimi, ulimi mzima, kisha akaiunga tena ile skonzi tupu akairudisha kwenye sinia katikati ya zile nzima. Niliona mate yakimeta juu ya unga. Walipoondoka saa kumi na mbili meza ilikuwa imejaa vipande vyenye alama za meno, na kwenye kila mkate mweupe duara jekundu la rangi ya midomo.

Mimi nilitaka kumwaga kila kitu. Nilishika sinia nikakanyaga pedali ya pipa, madam akaniwekea mkono begani.

"Chakula hakitupwi nyumbani kwangu," akasema.

Akachukua kisu kidogo, akaketi kwenye kiti kirefu cha jikoni, akanionyesha. Aliikata ile sehemu iliyoumwa tu, kwa mstari ulionyooka, akaubakisha mkate ukiwa mfupi lakini safi, kama haukupata kuguswa. Akakata wa pili. Akakata wa tatu. Huku anakata, alinihadithia. Mamake alikuwa akifuta meza katika duka la chai kwenye mji mmoja wa pwani kwao. Baba alikuwa hayupo. Kila jioni mama alirudi na mabaki ya wateja kwenye leso: vipande vya keki, skonzi zilizoumwa, mikate yenye samaki wa jana. "Nimekula mabaki ya watu mpaka nilipotimiza miaka kumi na minne," akasema, "na nitazame. Sikufa."

Nilimwonea huruma siku ile. Bado namwonea, nikifikiri juu ya yule msichana na ile leso. Lakini niliitazama pia mikono yake ikifanya kazi, haraka, kwa ustadi, na pembeni kilima kidogo cha vipande vyenye meno ya watu kikipanda. Alivifunika vile alivyovipunguza kwa nailoni akasema ni chakula chetu cha jioni. Mganda alikula. Mimi nilichagua zile nilizokuwa na hakika kwamba hazikuumwa, au nilizodhani nina hakika nazo.

Tukaenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Mtu huzoea. Alhamisi zilipita nikawa mimi ndiye nakata. Kisu kilikuwa chembamba, chenye mpini mweupe, na niliweza kumaliza sinia nzima kabla birika halijapoa.

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani, kwenye kilele cha joto. Wageni wengi wa kawaida walikuwa wamesafiri kwao, lakini waliobaki walikuwa wamechoka kukaa ndani, wakawa hawakosi hata Alhamisi moja. Madam aliwafungia mapazia ili wapita njia wasiwaone wakila. Mimi nilikuwa nimefunga. Nilimenya mayai ya kuchemsha nikiwa nimegeuza uso, nikapasua skonzi za moto, nikasimama na birika huku midomo yangu imekauka kama karatasi. Hilo pia silalamikii. Watu wengi Dubai walifunga kazini, na wengi juani.

Waliokuwa juani hasa walikuwa kwenye mtaa wetu wenyewe. Kulikuwa na mtunza bustani, mzee wa Kipakistani mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliyehudumia nyumba saba za mstari wetu. Nilimwita chacha, ambavyo kwao ni kama kusema ami. Na kiangazi kile kulikuwa na wanaume sita waliokuwa wakipanga upya matofali ya njia ya miguu. Jioni walikaa wote saba chini ya kivuli cha ukuta wetu wakingoja adhana, na mfuko wa tende na chupa za maji.

Madam aliwaona kupitia dirishani. Alhamisi ya kwanza ya mfungo alirudi kutoka madukani na visanduku vyeupe vya kadibodi, utepe wa dhahabu na kadi ndogo za kuwatakia watu Ramadhani njema. Alivitandaza mezani akiwa amefurahi kama mtoto.

"Tutawafuturisha," akasema.

Nikafurahi naye. Nikamwambia nitawapikia wali, au hata viazi na kuku, chakula cha mtu aliyeshinda juani.

"La, mpenzi. Sandwichi zipo."

"Madam, zile zilizoumwa?"

"Zilizobaki," akasema. "Utazipunguza vizuri, kama unavyozipunguza siku zote."

Nilisimama pale. Nilijua kabisa nililopaswa kusema. Mtu amefunga tangu alfajiri, unampelekea makombo ya waliokula mchana kweupe nyuma ya pazia. Nikasema tu, "Ya nguruwe isiingie." Akanitazama kama nimemtukana. "Bila shaka haitaingia," akasema.

Basi nikachukua kisu nikakata. Niliikata rangi ya midomo. Nilikata alama za meno. Palipokuwa na mate nilipakausha kwa kitambaa cha karatasi. Nilipofika nusu, madam akaniambia niende nikapige pasi vitambaa vya meza, yeye na Mganda watamaliza kufunga. Niliporudi visanduku saba vilikuwa tayari na tepe zake. Vinne nilivibeba mimi, vitatu madam. Chacha aliweka mkono kifuani akashukuru. Madam akawapiga picha, wamekaa kwenye ukingo wa njia, visanduku vyeupe mapajani, na nadhani picha ile iliwafikia wageni wake wote kabla jua halijazama.

Adhana ilipolia nilifuturu chumbani kwa maji, tende, na sandwichi ya jibini kutoka sahani iliyoachwa kwa ajili yetu. Nakumbuka nilihisi kitu kikipanda puani. Nikadhani ni pilipili.

Alhamisi ya pili wageni walichelewa kuondoka. Nilitoka sebuleni na sinia ya mwisho ya vikombe saa moja kasoro robo, nikasukuma mlango wa jikoni kwa mgongo, nikageuka.

Madam alikuwa kwenye kiti chake kirefu. Mbele yake ilikuwa sahani ya nguruwe, nusu yake haijaguswa. Alikuwa akiinua mkate wa juu wa kila sandwichi, anauchomoa ule utando wa nyama ya waridi kwa kucha mbili, nyama inavutika, inaacha unyevu wake na haradali kwenye mkate, naye anauweka pembeni, kisha anaingiza kipande cha jibini mahali pake na kuufunika tena. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele. Visanduku vilikuwa wazi vikimngoja. Mganda alikuwa kwenye sinki, amenipa mgongo, maji yanatiririka na hakuna alichokuwa akiosha.

"Madam, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Zilikuwa chache leo," akasema. "Usijali, nyama yote nimeitoa."

"Hiyo ni ile ile. Mkate ni ule ule."

"Nyama nimeitoa," akarudia, polepole, kana kwamba tatizo ni kwamba sikuelewa lugha. Akaniinulia kipande kimoja kuthibitisha. Niliona michirizi ya mafuta ya waridi kwenye mkate mweupe. "Unaona? Jibini tu. Hawatajua."

Nikamtazama Mganda. "Wiki iliyopita pia?"

Akafunga bomba. Hakugeuka. "Dada," akasema.

"Nijibu."

"Nilipokuja kukuambia ulikuwa umeshakula." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nikajiuliza, nimwambie ili iweje?"

Sikumbuki nilivyofika bafuni. Nakumbuka vigae baridi chini ya magoti na mlango haukufungika. Sikuwa na kitu tumboni, nilikuwa nimefunga, ikatoka nyongo na mate machungu, na hata hapo akili yangu ilikuwa ikiuliza kama saumu yangu bado ipo, kwa kuwa sikujitapisha kwa kusudi. Niliuona ulimi wa yule mwanamke mwenye pete. Niliziona kucha mbili za madam. Nikaona mikono yangu mwenyewe na kile kisu chenye mpini mweupe. Nilisukutua, nikasukutua tena, na ladha ile ya njano haikutoka, ingawa ilikuwa ya wiki nzima nyuma na haikuwezekana iwe bado ipo.

Nilipotoka, jikoni hakukuwa na mtu ila Mganda. Visanduku havikuwepo.

"Ametoka navyo mwenyewe," akasema. "Dada, tulia. Usimfuate. Atakurudisha kwenu."

Nilimfuata. Nilipita mlango wa mbele, ambao hatukuruhusiwa kuupita, nikatoka nje kwenye joto. Madam alikuwa tayari amegawa. Wanaume saba walikaa kwenye ukingo wa njia, visanduku mapajani, na yeye amesimama mbele yao, simu imeinuliwa, anawaonyesha kwa mkono wasogeleane. Mmoja alikuwa ameshafungua utepe. Adhana ilibaki dakika tatu, labda nne.

Mimi na chacha tulizungumza kwa lugha ya kuokoteza, Kiarabu cha Ghuba kidogo, Kihindi kidogo, na mikono. Nikasimama kati yake na simu ya madam.

"Chacha, la. Msile. Haram."

Akaniangalia. "Haram?"

Nilifungua kisanduku chake, nikaugusa mkate kwa ncha ya kidole, nikataja jina la yule mnyama kwa Kiarabu. Mara moja tu. Yule aliyekuwa amefungua utepe akaurusha mkono wake nyuma kana kwamba umeungua.

"Unawaambia nini?" madam akauliza nyuma yangu.

"Nawaambia kilichomo."

"Kilichomo ni jibini!"

Chacha alisimama. Alikuwa mrefu, nilikuwa sijamwona akisimama wima, kwa kuwa siku zote alikuwa ameinama kwenye maua. Alikifunga kisanduku, akakirudishia utepe wake kwa vidole vyenye udongo, hata kifundo akakipinda vizuri, akakiweka juu ya ukuta wa madam. Wenzake wakafanya hivyo hivyo, mmoja mmoja. Kisha akaweka mkono kifuani. "Thank you, madam," akasema. Ndilo neno pekee la Kiingereza nililopata kumsikia akisema, na halikuwa na kejeli ndani yake. Ilikuwa afadhali angetukana.

Adhana ikalia. Wakafungua chupa zao za maji. Madam alisimama na simu mkononi, uso umekuwa mweupe kisha mwekundu kwa madoa, akageuka akaingia ndani. Visanduku vilibaki ukutani na tepe zake za dhahabu.

Chacha alinipa tende. Niliishika tu.

"Alhamisi ile," akauliza, akionyesha kwa kidole nyuma ya bega lake, kama watu wanavyoonyesha siku zilizopita. "Ile pia?"

Wote saba wakanitazama. Mmoja wao alikuwa na midomo iliyopasuka kwa jua, na maji yalikuwa yakimtiririka kidevuni.

"La," nikasema. "Ile ilikuwa jibini tu. Ile ilikuwa safi."

Chacha akainua mikono akaniombea dua, ndefu, kwa Mungu anihifadhi mimi na wazazi wangu, na wale wengine wakaitikia amin. Nilikula tende yake nikiwa nimesimama.

Usiku ule sir aliniita sebuleni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema nimemwaibisha mkewe mbele ya watu wa barabarani, na kwamba kwa haki angenirudisha asubuhi kwa wakala aliyenileta. Nilimwambia anirudishe. Madam alikuwa amejikunja kwenye kochi na paka wake, macho yamevimba kwa kulia.

"Nilitaka kuwalisha," akasema, si kwangu, wala si kwa mumewe. "Nilitaka kuwalisha tu."

Namwamini. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu zaidi nikikumbuka: hakuwa anadanganya. Angeweza kuchukua mkate mpya kwenye kabati; ulikuwepo, mikate miwili mizima, nilijua mahali ulipo kwa sababu niliuweka mimi. Haikumjia akilini. Kwake kulikuwa na chakula cha mezani na kulikuwa na chakula cha watu wanaokaa nje, na hicho cha pili kilipaswa kwanza kipite kwenye cha kwanza.

Hawakunirudisha. Nadhani ni kwa sababu ya skonzi. Madam alimwambia mumewe nibaki mpaka mkataba uishe, miezi minne, na baada ya Idi Alhamisi zikaendelea kama kawaida. Ila hakuninusa vidole tena, wala hakuniita mpenzi. Wageni wakiondoka alikuja jikoni, akakanyaga pedali ya pipa kwa kiatu chake cha mahameli, na akayatupa mabaki mwenyewe, kipande kimoja kimoja, hata skonzi nzima ambazo hakuna aliyezigusa, huku akinitazama. Mimi niliendelea kuosha vikombe. Mganda alipunguza kuniongelesha kwa muda, kwa aibu, mpaka jioni moja nilimkuta analia kwenye chumba chetu, nikakaa kando yake kitandani. "Ningekuambia," akasema. Nikamwambia najua. Sikumlaumu. Yeye alinyamaza wiki moja. Mimi nilikuwa nimekata mikate ile kwa zaidi ya mwaka.

Kazi ya watu wa matofali ilikwisha wakahamishwa, sijui walipelekwa wapi. Lakini chacha alibaki, na kila asubuhi aliniwekea kwenye dirisha la jikoni kitu kutoka nyumba za wengine alizozihudumia: shada la nanaa, ndimu mbili, mara moja ua la waridi lililofungwa kwenye gazeti. Alikuwa akinishukuru. Kila nilipofungua dirisha na kukuta zawadi ile nilitamani kuirusha. Niliitia nanaa kwenye chai ya sir.

Nilipata kazi nyingine huko Silicon Oasis, kupikia watoto wa shule ya chekechea, na sir akatia saini karatasi zangu bila kunitazama. Asubuhi ya kuondoka nilitoka na sanduku langu nikamkuta chacha akimwagilia maua mbele ya nyumba. Aliacha mpira wa maji ukimwagika, akaja kuniaga, tayari mkono umeelekea kifuani.

"Chacha," nikamwambia, "Alhamisi ile ya kwanza. Niliongopa."

Hakuelewa. Nikaonyesha nyuma ya bega langu kama alivyoonyesha yeye. Nikasema lile neno la Kiarabu mara ya pili. Nikasema, hata mimi nilikula, sikujua. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeanza na sikutaka kubakisha, nikamwonyesha kwa vidole jinsi nilivyokuwa nakata mikate, na nikagusa midomo yangu, na meno yangu, ili ajue ilikuwa imepita midomoni mwa watu kabla haijafika kwake. Na kwamba hilo nililijua.

Hakukasirika, au sikuona. Aliinama akauokota ule mpira wa maji, akauelekeza mdomoni, akajaza mdomo. Akasukutua. Akatema kwenye maua ya madam. Akajaza tena, akasukutua, akatema. Mara tatu, kama mtu anayetawadha, ila kwa nguvu zaidi, maji yakimlowesha ndevu na kifua cha kanzu. Miezi minne ilikuwa imepita. Kisha akajifuta kwa mkono akageukia maua yake.

Nilisema nisamehe. Alitikisa kichwa, na sikujua kama ni kusema ndiyo au ni kusema nenda. Teksi ilikuwa imeshafika. Nilipakia sanduku mwenyewe, nikaketi nyuma, na tulipokuwa tunapinda kona nilimwona ameinama tena, ananyunyizia maji polepole juu ya mahali alipotema, akiyasukuma yazame ardhini.